Tatu kwa Mbili

Jumatatu, 12 Agosti 1940
Nimepata wazo. Nitachora chati kubwa kwenye ukuta wa kibanda cha marubani: ndege yetu ya Spitfire kushoto, Messerschmitt ya Wajerumani kulia, na nyota kwa anayeshinda kila kipengele. Mkubwa kutoka London anakuja Alhamisi. Akiiona lazima aulize nani kaichora. Mimi, Purdew, afisa habari, mwaka wa pili hapa Kent, kila asubuhi uji mtupu kwa sababu mayai ni ya marubani peke yao.

Jumanne, 13 Agosti
Kukata kona: sisi. Kuona nyuma: sisi. Kutua bila kuvunja miguu: sisi. Bunduki nzito: wao. Kupanda juu: wao. Tatu kwa mbili. Safi kabisa.

Akaja Sajini Tapscott, fundi wa injini, grisi mpaka viwikoni, akaniharibia siku. Eti nimesahau kuzamia. Ukiisukuma Spitfire pua chini ghafla, petroli inaruka juu ndani ya kabureta na injini inakata. Yao ina pampu, haikati. Ndiyo maana wazoefu huipindua kwanza tumbo juu, ndipo wakaivuta chini. "Liandike hilo kwa herufi kubwa, afande. Hawa wapya hawajui."

Nikahesabu upya. Tatu kwa tatu. Sare! Nani amewahi kupandishwa cheo kwa sare? Nikamwambia nafasi imekwisha. Akautazama ukuta, mweupe nusu nzima, akanitazama mimi, akaondoka bila saluti. Ana wivu huyo.

Jumatano, 14 Agosti
Jana jioni alifika rubani mpya, Lidgate, aliyekuwa mwalimu wa muziki. Amerusha Spitfire kwa jumla ya saa kumi na moja tu. Leo kabla ya chai ameinakili chati yote kwenye pakiti ya sigara. Mtu wa kwanza kuiheshimu kazi yangu.

Akaniuliza, Mjerumani akizamia, amfuateje? Swali baya. Ningemwambia ukweli, angeuliza mbona haumo kwenye chati, na Mkubwa anakuja kesho. Nikamwambia amfuate tu moja kwa moja. Akashukuru sana, akanikatia nusu ya yai lake, upande wenye kiini. Nililila taratibu.

Alhamisi, 15 Agosti
King'ora kililia asubuhi na mapema. Waliruka kumi na wawili, wakarudi kumi na mmoja.

Ripoti naandika mimi, kwa hiyo ilibidi nisikilize. Mjerumani alizamia. Lidgate akasukuma pua chini akamfuata. Injini ikakohoa, ikakata. Ni kama sekunde mbili tu, alisema mwenzake, lakini Mjerumani wa pili alikuwa nyuma yake. Mwavuli wa kurukia haukuonekana.

Nilichafua fomu mbili kwa wino. Kwenye sababu nimeandika: uzoefu mdogo.

Mkubwa alifika saa nane mchana. Ameipenda chati. Ameuliza jina langu, akalirudia mara mbili ili asilisahau.

Ijumaa, 16 Agosti
Kufungasha vitu vya marehemu kumeniangukia mimi. Soksi, filimbi, barua aliyoanza kumwandikia mkewe. Chini ya mto, ile pakiti ya sigara. Pembeni ameongeza kwa mwandiko wake mzuri: "Akizamia, mfuate moja kwa moja. Purdew."

Nimeichoma. Mjane ana kazi gani na siri za kijeshi?

Tapscott alinikuta na kiberiti mkononi. Safari hii hakuniita afande. Alisema, "Leo utaliandika, au niliandike mimi?" Nikamwahidi kwa moyo mmoja. Akaondoka, nikalia. Nilimpenda yule mtu, na nilimuua kwa nyota moja.

Jumamosi, 17 Agosti
Simu kutoka London! Wanataka chati kumi kwa ajili ya viwanja vingine vya ndege.

Nilishika penseli niongeze kuzamia. Kweli nilishika. Lakini wao wamesifu tatu kwa mbili. Nikileta sare wataona ile ya kwanza ilikuwa na kosa, waanze kuchimba. Isitoshe, pale chini nahitaji nafasi ya saini. Tapscott nimemwombea uhamisho. Anawavunja watu moyo.

Kwenye kiti cha Lidgate amekaa rubani mpya, Scaife, kijana mwenye adabu. Amenakili kila kitu. Akauliza, na Mjerumani akizamia?

Nimemwambia amfuate tu. Amenikatia nusu ya yai. La leo limeiva vizuri zaidi.