Pazia la Wodi ya Igoma

Ndugu Mwakilishi wa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi. Ndugu Makamu wa Katibu wa Kamati ya Mapokezi. Waheshimiwa wenyeviti wa mitaa, mliopo madarakani na mliopumzishwa. Viongozi wa madhehebu yote yaliyosajiliwa. Ndugu zetu wawekezaji wa viwanda vya minofu ya sangara, ambao mmetuma salamu badala ya kuja. Wazee wangu, shikamooni. Akina mama wa Igoma mliokaa juani kwa hiari yenu. Na wewe mama yetu Dorotea, mke wa Mihayo fundi baiskeli, ambaye kamati imekuweka hapa mbele kwenye kochi kama mzazi wa mfano: mwangaluka. (Watu wanaitikia. Dorotea anaitikia akiwa ameshika kiuno.)

Mimi Pius Ngosha, Mwenyekiti wa Kamati ya Muda ya Kudumu ya Kuratibu Ongezeko la Watu, nasimama mbele ya pazia hili la kijani kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao, bila kujisifu, hakuna mwingine mkoani anayeufikia. (Makofi kutoka safu ya kamati.) Nyuma ya pazia hili ipo Wodi ya Kisasa ya Wazazi ya Igoma, ambayo leo, mara tu nitakapolivuta kwa mkono wangu mwenyewe, itaingia rasmi katika historia.

Ndugu wananchi, wataalamu wanatuambia kwamba tunaongezeka. Juzi tu Igoma yote hii ilikuwa mashamba ya pamba, na mtu akikohoa unamjua kwa jina. Leo amekuja Mjita, amekuja Mjaluo, amekuja Mkerewe, wote wanamfuata sangara, na sangara mwenyewe amepanda ndege kwenda Ulaya akatuachia mapanki, mifupa iliyokwisha kutolewa minofu. Madarasani watoto wanakaa chini, bombani ndoo zinapanga foleni kabla ya jogoo, na kule hospitali kubwa ya mjini akina mama wanalala watatu kitanda kimoja, mmoja miguu huku, wawili miguu kule. (Akina mama wanasema ni kweli, wengine walilala sakafuni.) Hali hiyo kitaalamu inaitwa changamoto, na kamati yangu imeifanyia semina Mwanza, warsha Bukoba na ziara ya mafunzo ambayo sitaitaja nchi yake ili nisionekane najivuna.

Ndiyo maana nawasihi: zaeni kwa mpango. Wapo watakaosema mbona Mwenyekiti ana watoto kumi na mmoja. Hao niliwazaa kwa ajili ya utafiti, na matokeo yake ndiyo haya ninayowaeleza. (Kicheko kirefu. Mke wa Mwenyekiti anafungua mwavuli na kuficha uso.)

Sasa basi, katika zama hizi za soko huria na kuchangia gharama, ambapo Serikali imejitoa katika shughuli zisizo za lazima ili ibaki na zile ambazo... (Minong'ono mbele. Bibi Sabina, mkunga, amesimama.) Naambiwa mama Dorotea uchungu umemshika. Jambo jema sana. Linaonyesha wananchi wameupokea mradi. Mama, vumilia kidogo, nimebakiza kurasa chache.

(Bibi Sabina anasema uchungu hausubiri kurasa.) Bibi yangu, nakuheshimu, lakini wodi haijafunguliwa. Kiitifaki, mtu hawezi kuzalia ndani ya jengo kabla halijafunguliwa. Gari la kamati? Gari la kamati limekwenda mjini kufuata soda. Ndugu Mihayo, naomba utulie, najua ni mkeo, lakini leo pia ni mzazi wa mfano. Hapana, akina mama, msimpitishe huko. Rangi haijakauka. Vitanda havijatandikwa. Isitoshe, ufunguo anao Mgeni Rasmi. Kaka zangu wa sungusungu, hebu simameni mbele ya pazia. (Sungusungu wanamtazama Bibi Sabina, ambaye aliwazalisha mama zao wote. Wanakaa chini.)

Bibi Sabina, usiguse hiyo kamba. (Anaivuta. Pazia linaanguka. Nyuma yake kuna matuta ya viazi vitamu mpaka mlimani, na mbuzi mmoja.)

Ndugu wananchi, kama mnavyojionea, mradi una eneo la kutosha la upanuzi. (Kicheko. Akina mama hawacheki. Wanamlaza Dorotea kati ya matuta, wanashika kanga kuwa kuta nne, na mmoja anamwondoa mbuzi.)

Naomba nieleze kwa utulivu. Wodi hii ipo kimkakati. Ipo katika mpango, ipo katika bajeti, na kwenye taarifa ya mwaka ilipaswa kuwa imekwishapakwa rangi. Kilichochelewa ni kuta. Mimi nimeshafungua majengo mengi, na utaratibu wetu unaeleweka: kiongozi anavuta pazia, anapigiwa makofi, anakwenda kula. Hajapata kutokea mtu akataka kuingia. (Sauti ya Mihayo inauliza kama mkewe akifa atazikwa kimkakati. Hakuna anayecheka.)

Mihayo, hilo umenipiga nalo. Karatasi hizi naziweka chini. Tusubiri wote.

(Wanasubiri. Mwenyekiti amevua kofia. Mtoto analia. Vigelegele.)

Amezaliwa! Nimeridhia mtoto huyu apewe jina langu, Pius, au kama ni wa kike, jina la mke wangu. (Mtoto wa pili analia. Vigelegele mara mbili.) Pacha? Basi hapo desturi imenishinda. Ni Kulwa na Doto, na mimi sina nafasi. Katibu, ongeza wawili kwenye takwimu.

Kwa hiyo nahitimisha. Uzazi bora! (Watu: “Wodi iko wapi?”) Maendeleo kwa wote! (“Wodi iko wapi?”) Naona kaulimbiu imepata mwitikio.

Nawashukuru akina mama waliosimamisha kuta nne kwa muda mfupi, jambo lililoishinda kamati yangu kwa miaka mitatu. Namshukuru Bibi Sabina kwa kuifungua rasmi wodi. Namshukuru mwenye viazi, ambaye hatukuwahi kumwomba shamba. Na zaidi ya wote namshukuru fundi cherehani aliyeshona lile pazia, kwa kuwa ndicho kitu pekee tulichokijenga hapa. Naomba sasa lirudishwe, likunjwe vizuri, maana kesho asubuhi lina kazi Kiseke, nakwenda kufungua shule.

(Bibi Sabina anajibu kutoka kwenye matuta kwamba Kulwa amefunikwa kitenge cha mama yake, lakini Doto hakutarajiwa, hivyo amefungwa kwenye pazia, na halitoki.)

Limechafuka? (“Limechafuka, Mheshimiwa.”)

Katibu, piga simu Kiseke. Waambie shule yao imeahirishwa.