Goti la Dozi na Friji la Chuo

Redio ya kinyozi ilikuwa haijamaliza taarifa, kijiwe kizima kilishageuka kumtazama Baba Koti.

Baba Koti ni fundi cherehani. Jina alilipata binti yake alipopokelewa chuo cha afya kusomea kupiga picha za mifupa. Alimshonea koti jeupe kabla hata hajaripoti, akalitundika mlangoni pa duka wiki nzima ili walimwengu walione. Sasa redio inasema chuo hicho hicho kimefungwa baada ya mtu kukishtaki kwa wakubwa kwamba hakina mashine, wanafunzi wanajifunzia friji bovu.

"Eti walikuwa wanajifunzia friji?" aliuliza Dozi, mzee anayechechemea, ambaye kila kidonge anakijua kwa rangi.

"Friji bwana!" alidakia kinyozi, wanayemwita Wakili kwa mdomo wake. "Mgonjwa anasimama mbele. Mwanafunzi anafungua mlango, anafunga. Picha tayari!"

"Na inatoka ya baridi!" alimalizia Dozi.

Walicheka mpaka benchi likalia. Baba Koti alikanyaga cherehani isiyo na nguo. Miaka miwili amewaringia watu hawa hawa, na binti alibakiza mwezi mmoja tu ahitimu. Lililomuuma zaidi, mtoto alimwambia mapema, "Baba, kule hakuna mashine," naye akamkemea, "Acha kudeka. Mashine utaikuta kazini!"

"Huyo aliyekwenda kukichongea chuo," alifoka, "ana roho ya kwa nini! Mwezi mmoja umemshinda kusubiri?"

"Wivu huo," alisema Wakili. "Kakosa yeye, kaona tukose wote."

"Tena chuo bora kile!" Dozi alipiga paja. "Mhitimu wao ndiye aliyenipiga picha ya goti. Goti safi, halina hata ufa. Picha natembea nayo hii hapa."

"Mbona halikunjiki?"

"Hilo ni tatizo la goti, Wakili, si la picha!"

Kabla hawajamaliza kucheka, binti akatokea na begi lake begani.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanetu. Pole sana," alisema Wakili. "Usijali, huyo mchongezi atajulikana tu, na hapa kijiweni hatakaa."

"Ameshajulikana. Ni mimi."

Wakili akazima redio. Baba Koti alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Wewe?"

"Nilianza kukwambia wewe, Baba. Uliponikemea ndipo nikaenda kwa wakubwa."

Dozi alikimbilia kusuluhisha, akaichomoa picha kwenye bahasha. "Lakini mwanetu, elimu ilikuwepo! Hebu tazama kazi ya mwenzenu."

Binti aliinyanyua kwenye jua. "Linalouma ni goti lipi?"

"La kushoto. Mwezi wa nne huu."

"Hii alama ya pembeni ni ya upande wa kulia, babu. Walikupiga goti lisilouma."

Dozi alilitazama goti moja, akalitazama la pili, kama mtu aliyetambulishwa kwa wageni.

"Ndiyo maana daktari alinipongeza!"

Wakili alianguka kwenye benchi kwa kicheko. Binti hakucheka.

"Mwezi ujao na mimi ningepewa cheti kama cha huyo, Baba. Halafu siku moja wanamleta Mama, wanamlaza mezani, wananiambia haya, mpige picha..."

Baba Koti aliona aibu, tena mbele ya watu aliowaringia. Alikohoa, akafuta mikono kwenye suruali.

"Lete koti."

Binti alilitoa kwenye begi. Fundi akachukua wembe, na kijiwe kikadhani analichana. Yeye akaketi, akaanza kufumua nembo ya chuo mfukoni, uzi baada ya uzi.

"Huko kwenye chuo chenye mashine," aliuliza bila kuinua uso, "wanavaa mikono mirefu au mifupi?"