Jumba la Mizuka Lisiguswe

Kwa Meneja wa Bustani ya Michezo,
Ofisi iliyo juu ya vyoo vya wageni.

YAH: KUPINGA KUVUNJWA KWA JUMBA LA MIZUKA

Ndugu Meneja,

Pokea salamu zangu kwa heshima zote za ofisi, ingawa kwa umri wewe ndiye ulipaswa kuniamkia kwanza. Hilo tutalizungumza siku nyingine. Mimi ni yule mzee anayefanya kazi ya mzuka ndani ya Jumba la Mizuka, upande wa kushoto ukishapita jeneza. Ukiingia ukaguswa bega na mkono wa baridi, ujue ni wangu. Shule niliiacha mwenyewe, yenyewe haikuniacha, kwa hiyo barua hii nimeiandika kwa mkono wangu bila msaada wa mtu. Mke wangu ameweka nukta tu.

Nimeuona ubao mliotundika karibu na dirisha la tiketi, unaouliza wageni kitu gani cha zamani kiondoke ili kipya kijengwe. Tangu siku hiyo bustani haikaliki. Mashabiki wa bustani wanaokutana kwenye mabenchi kila Jumamosi wamegawanyika. Wapo wanaotaka farasi wa mbao wa kuzunguka waondoke. Wapo wanaosema gurudumu kubwa linalia kama mlango wa jela. Na kinyozi, ambaye ndiye mwenyekiti wao kwa sababu ana sauti, amepanda juu ya benchi akatangaza kwamba cha kuondoka ni Jumba la Mizuka, maana siku hizi halimtishi hata paka. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na shuka langu la kazi. Aligeuka akaniona. Hakushtuka. Alinisogezea nafasi nikae.

Ndugu Meneja, jumba likivunjwa nami nimevunjwa, kwa sababu mzuka asiye na jumba ni mzee aliyevaa shuka. Kwa hiyo malalamiko yangu nayapanga hivi:

1. Kusema jumba halitishi ni uzushi. Mimi huyu huyu nilimtisha bondia akatoka na kiatu kimoja. Nilimtisha mwalimu wa hesabu akasahau ana watoto wangapi. Nilimtisha bwana harusi akakimbia akamwacha bibi harusi ndani, ikabidi wazazi wa pande zote mbili wambembeleze arudi kumchukua. Bibi harusi mwenyewe hakuwa na haraka, tulikuwa tunaongea. Hao wote wapo hai, waulizwe.

2. Kinachoharibu kazi ni adabu za wageni. Watu wa hapa wamenizoea. Natoka gizani, mikono juu, natoa ule mlio wangu unaojulikana, na mtoto ananiambia shikamoo babu. Sasa nifanye nini? Mtu niliyelelewa siwezi kuinyamazia shikamoo. Naitika marahaba. Na ukishaitika marahaba, mambo ya mzuka yamekwisha hapo hapo. Mama yake anauliza goti linaendeleaje. Nasema limepungua kidogo. Wa nyuma yake naye anaamkia, foleni nzima inaamkia, na wa mwisho anataka kujua kama nimekula. Naomba ofisi yako itundike tangazo mlangoni, kwa herufi kubwa: NI MARUFUKU KUAMKIA MIZUKA.

3. Kuna hicho kigari chenu kipya, hicho mnachokiita Nyoka, kinachopandisha watu juu na kuwaachia. Mlikijenga mkabala na sisi bila kutuuliza. Watu wanamaliza mayowe yao yote kule, wakifika kwangu hawajabakiza kitu. Wanaingia kupumzika. Kina mama wanaleta watoto walale, eti kuna kiza na ubaridi mzuri. Juzi mmoja aliniomba nipunguze mlio maana mtoto ndiyo kwanza amesinzia. Nilipunguza. Mimi ni mzuka, sikusema mimi ni katili. Lakini nauliza, haki iko wapi? Abiria wa Nyoka wafungwe vitambaa mdomoni, mayowe yao waje nayo kwangu yakiwa mazima.

4. Mashabiki wameandika ubaoni kwamba maiti wa kwenye jeneza anakoroma. Ni kweli, mwenzangu anakoroma. Nawauliza, maiti anayekoroma na maiti aliyenyamaza, yupi anatisha zaidi?

5. Kama lazima kitu kiondoke, waondoke farasi wa kuzunguka. Rangi imewatoka, mmoja hana sikio, na wanazunguka bila kufika popote, jambo ambalo ni mfano mbaya kwa vijana. Mke wangu amesoma hapa akanikumbusha kwamba mimi na yeye tulikutana juu ya farasi hao. Kipengele hiki nakiruka.

6. Baada ya kufikiri sana, nimeona dawa si kuliondoa jumba bali kuliongeza. Gurudumu, vigari vya kugongana na Nyoka viondolewe vyote, jumba litanuliwe mpaka ukutani, na taa za bustani nzima zizimwe, pamoja na za dirisha la tiketi na za ofisi yako. Wageni waletwe kwa mabasi kutoka mbali, mahali ambako sina ndugu wala jirani. Langoni kila mmoja aulizwe kama ananijua, na akinijua arudishwe. Watoto waliolelewa vizuri wasiruhusiwe kuingia kabisa, tupewe watundu tu. Na kwa kuwa jumba litakuwa kubwa, mizuka wawili hatutatosha, kwa hiyo wewe na mhasibu mtapewa mashuka. Nitawafundisha mwenyewe. Mhasibu atachukua muda, lakini wewe sura yako inasaidia.

7. Mkikataa, nitakuja kukaa ofisini kwako kila siku na shuka langu, nyuma ya kiti chako, kimya. Hapo ndipo tutajua nani hatishi. Dada wa tiketi ameomba niandike kwamba yeye hakuhusika.

Nakuomba ulitafakari jambo hili ukiwa umekaa, na umekunywa maji. Nisalimie wote hapo ofisini, mhasibu, mlinzi wa lango, fundi anayempaka Nyoka grisi ingawa mimi na yeye tumenuniana, mama yako mzazi, na mkeo ambaye sijamwona ila nasikia ni mtu mzuri.

Ni mimi niliyesimama imara kazini,
Mzuka Mkuu.

Baada ya kufunga barua:

Barua ilikwisha gundishwa, mke wangu akasema niifungue. Asubuhi hii kinyozi amepita nyumbani na majibu ya ubao, uso umemshuka. Wengi wamesema Jumba la Mizuka libaki. Nilitaka kumcheka, lakini nikamwambia kwanza anisomee sababu walizoandika. Amesoma karatasi zote alizobandua ubaoni. Hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba linatisha. Wameandika libaki kwa sababu babu wa mle ndani anaitikia vizuri. Mmoja ameandika kwamba tangu azike wazazi wake hana mtu mwingine wa kumwamkia, ndiyo maana anakata tiketi kila Jumamosi. Kinyozi alipofika hapo akakunja karatasi, akasema na yeye huwa anaingia, ila hapendi watu wajue.

Kwa hiyo, Ndugu Meneja, futa kuanzia namba moja mpaka ya saba. Jumba livunjeni. Jengeni Nyoka wa pili kama mnataka, watu wapige mayowe mpaka washibe. Mimi niwekeeni kiti hapo hapo, nje, kwenye mwanga, kiwe na egemeo na pembeni pawe na nafasi ya mtu mwingine kukaa. Miaka yote hii nimewaitikia marahaba gizani watu ambao hata sura zao sizijui.