Ramani ya Joka na Kitanda cha Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya baraka! Nimelipata boksi la pili la Joka la Mapango Saba, gemu la kompyuta la enzi za disketi. La kwanza lilishafunguliwa na mtu zamani: disketi zimo, kitabu cha uganga kimo, pete ya bati imo. Ramani ya kitambaa haimo. Hili la pili halijafunguliwa tangu kiwandani. Nailoni inang'aa kama kipara cha Kinyozi!

Mke wangu akauliza: si ulifungue hilo la pili, utoe ramani, tuishi kwa amani? Nilimhurumia. Boksi la namna hii likifunguliwa ni maiti. Akasema mazishi atasimamia yeye. Mama yake anakuja Jumatano. Chumba atakacholala, chenye mkusanyo wangu wa maboksi ya gemu, kisipokuwa kitupu, yote yataondoka na mkokoteni wa taka.

Jumanne, 4 Machi
Hila mbili kabla ya chai!

Ya kwanza: maboksi yote nimeyapanga sakafuni, godoro juu, shuka hadi chini. Kitanda! Mke kaniita mume mwema. Nikanyoosha shuka.

Ya pili: Kinyozi, mkusanyaji mwenzangu na adui yangu, anayo ramani ile ile, bila boksi. Nikamwomba aniazime niitazame tu. Akasema kukopa harusi, kulipa matanga. Akataka rehani, lile boksi langu lililofungwa. Nikampa. Mjinga yule! Nitamrudishia nakala, halisi ibaki kwangu.

Jumatano, 5 Machi
Nakala tayari. Nimechora kwenye foronya kuukuu kwa kalamu ya wino mzito, nikaichovya kwenye chai ipate uzee. Joka limetoka kama mbuzi anayepiga chafya. Haidhuru. Kinyozi haoni vizuri. Waulize wateja wake waliobaki na masikio. Nimeianika dirishani, na ile halisi kando yake, nilinganishe rangi.

Mama mkwe kafika. Fundi cherehani mstaafu, na cherehani kaja nayo. Kakaa kitandani, kitanda kikalia kwacha! Akasema kitanda hiki kina maneno. Nikamwambia mbao mpya, mama, bado zinazoeana.

Alhamisi, 6 Machi
Msiba! Mama mkwe kaona vitambaa viwili vichafu dirishani. Kavifua. Kavipiga pasi. Kavishona pamoja, kajaza pamba. Mto! Zawadi ya mkwe!

Upande mmoja ramani halisi, imepauka kama uji, milima haipo. Upande wa pili mbuzi wangu, wino haujatikisika. Akauliza kama nimeupenda. Nikasema machozi haya ni ya furaha, mama. Akaguswa sana, akaongeza vishada kwenye pembe.

Ijumaa, 7 Machi
Kinyozi kaleta boksi. Nikampokea nimeukalia mto. Nikaligeuza boksi langu huku na huku. Chini ya nailoni, unywele! Mfupi, mweusi, umejikunja. Nikamuuliza tangu lini kiwandani wananyoa watu. Akatazama dari.

Kumbe kalifungua, kachukua ramani ya ndani, kalivisha nailoni mpya na kuipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele hadi ikabana. Nikamwita mwizi. Akasema ananijua vizuri, ndiyo maana kajihami mapema. Na kama yeye ni mwizi, basi ramani yake iko wapi?

Sikuinuka. Ila mama mkwe kaingia na chai. "Hebu mpishe mgeni, baba, aone kazi ya mikono yangu!"

Nikampisha. Kinyozi akaugeuza mto, upande huu na huu. Mama mkwe akauliza kampendaje mbuzi. Akajibu, kwa adabu zote, kwamba mbuzi ana afya. Kisha akaenda zake, ramani yangu ya boksini ikibaki kwake.

Jumamosi, 8 Machi
Mama mkwe anaongeza mwezi. Mgongo umepona, anasema, hajawahi kulalia kitanda kama hiki. Mkusanyo wangu wote uko chini yake, wala siwezi kuugusa.

Mke kauliza nimejifunza nini. Nikamjibu mengi: mashine ya kukaushia nywele inafanya kazi ajabu! Yake nimeshaificha kabatini.

Mama mkwe analalamika kidogo tu, miguu inaning'inia. Nimeahidi kukirefusha kitanda. Maboksi zaidi, kwa baraka za ukoo!

Kesho naenda kunyolewa. Ramani yangu Kinyozi kaitundika juu ya kioo, watu wameiona. Foronya ninayo. Chai ipo jikoni. Safari hii joka nitalichora kwa penseli kwanza.