Malalamiko ya Mzee Mbugua Kuhusu Nzi Waliopewa Jina Lake

Kibanda cha Akala, upande wa nyuma,
Soko la Kariokor, Nairobi.

Kwa Profesa Mativo,
Msimamizi wa Maabara ya Nzi wa Matunda.

MINT: JINA LANGU KUPEWA NZI BILA IDHINI YANGU

Mheshimiwa Profesa,

Natumai u mzima. Mimi pia ni mzima, ingawa majirani zangu wa Makadara wamekwisha kunichangia sukari ya matanga, jambo nitakalolieleza kwenye nambari ya nne. Mimi ndimi baba yake Wacuka, yule mwanafunzi wako anayefuga nzi ili ajue jinsi jeni zinavyoamua madini kiasi gani yabaki mwilini na kiasi gani yatoke. Kazi yenyewe siipingi. Watu wamesomea mambo ya ajabu zaidi. Ninayolalamikia ni haya:

1. Kwetu Wagikuyu jina la mtu halichukuliwi hivi hivi, lina foleni. Mvulana wa kwanza hupewa jina la baba wa mume, na wa pili ndiye hupewa la baba wa mke. Mimi nilijaliwa binti mmoja tu, kwa hiyo mpango wangu ni rahisi: Wacuka aolewe, azae wavulana wawili, na yule wa pili awe Mbugua. Nimengoja bila kelele. Basi Jumapili moja alikuja nyumbani akaniambia kwa furaha kwamba jina langu tayari limepata mwenyewe. Nilisimama, nikavua kofia, nikauliza mtoto ana kilo ngapi. Akanijibu kwamba hata wakipimwa wote pamoja hawafiki kilo. Profesa, nilikuwa nimeshaanza kumtuma mke wangu, Kui, akanunue nyama.

2. Jina lenyewe hawakupewa nzi wazima. Wazima wana namba, kama magari. Walioitwa Mbugua ni ukoo wenye jeni moja mbovu. Wacuka alinieleza kwamba kazi ya jeni hiyo ni kufungua mlango ili zinki iliyozidi itoke mwilini. Kwa hawa mlango haufunguki, zinki inarundikana mpaka inageuka vijiwe ndani ya mirija yao midogo inayofanya kazi ya figo. Nikamuuliza hayo yananihusu nini. Akatazama sebule yetu, vile vipande vya tairi chini ya kiti, vifuniko vya sufuria ambazo hatunazo tena, na mlango wa friji iliyokufa zamani, kisha akasema: "Baba, hawa ni wewe kabisa. Kitu ikiingia kwao haitoki."

Naomba ieleweke kwamba mlango wa friji una kazi yake. Ni vile sijaijua bado.

3. Nzi hao wanakula vizuri kuliko mwenye jina. Uji wao wa mahindi una hamira na sukari, na zinki yao hupimwa kwenye mizani iliyofunikwa kioo ili hata pumzi ya mtu isiisukume. Chumba chao hakipoi wala hakichemki. Mimi, tangu nitokwe na jiwe la figo mwaka juzi, natiliwa chumvi kwa ncha ya kidole, na Kui ndiye mwenye kidole.

4. Sasa matanga. Mashine ya joto ya maabara yako iliharibika, na Wacuka akapata habari akiwa kwetu. Alisimama kwenye ngazi za ploti tunakopanga akaongea kwa simu, tena kwa uchungu, kwamba Mbugua amekwisha, hakubaki hata mmoja wa kuendeleza ukoo. Abdiqadir mwenye duka la hapo chini alisikia mwanzo wa maneno hayo, akafunga duka kwa heshima. Niliporudi kutoka Kariokor nilikuta viti vimepangwa uani na akina mama wameshaanza wimbo. Nilipita katikati yao nikiwa nimebeba tairi. Hakuna aliyefurahi kuniona kama nilivyotarajia. Ilinibidi niwapikie chai waliokuja kunililia. Baadaye ikajulikana kwamba chupa moja ya nzi ilikuwa imesalia kwenye chumba kingine, ukoo ukaanza upya. Sukari hatukurudisha.

5. Nasikia nzi wakizidi idadi, hutumbukizwa ndani ya spiriti. Mimi ni mzee wa kanisa. Pombe niliiacha hadharani, mbele ya ushirika wote, na sasa jina langu linalewa mpaka kufa kila wiki kwa mkono wa binti yangu mwenyewe. Tena kwa desturi yetu anayebeba jina la baba yako unamwita baba. Huyu msichana anawaua akina baba kwa chupa nzima, halafu anakuja kwangu kula chapati. Na mwenye jina la mume wako naye ni mume wako kwa utani, kwa hiyo Kui ana waume hata yeye hawezi kuwahesabu, na wote wana mbawa. Nilipomweleza jambo hili alicheka mpaka akakaa chini. Sikuona cha kuchekesha.

6. Baada ya hayo yote, Wacuka amepata ujasiri wa kuniomba jiwe langu. Ndiyo, ninalo. Lilinitoka kwa machozi, na nimelihifadhi ndani ya kopo la rangi ya viatu kwenye rafu ya kibandani. Anasema vijiwe vya nzi ni vidogo mno, kwamba akipata jiwe la mtu ataweza kulinganisha, aone kama zinki imejificha na huko pia, na pengine siku moja wagonjwa wa figo wapate nafuu. Nilimkatalia. Amechukua jina, sasa anataka na jiwe. Kesho ataomba figo.

Kwa sababu hizo ninadai, kwa heshima zote, kwamba jina langu liondolewe kwenye chupa zote. Kwamba Wacuka apewe likizo ya kutosha kutafuta mchumba, na isikatizwe kabla ya mvulana wa pili. Na kwamba nipate barua ya kuthibitisha kwamba mimi si ugonjwa. Ukikataa, mahakama ya Makadara naifikia kwa miguu. Na kabla ya kufika huko nitanunua jogoo nimwite Profesa Mativo, nimlishe vizuri mpaka Krismasi, halafu tutafanya kile kinachofanywa siku hiyo.

Nisalimie wote hapo maabara, hasa yule anayepika uji, na wale nzi wenye namba, ambao sina ugomvi nao.

Ni mimi niliyedhulumiwa jina,
Mzee Mbugua wa Muriuki,
fundi wa akala, viatu vya tairi.

Tanbihi: Nimelazimika kuifungua tena bahasha. Nilimsomea barua hii Owiti, anayeshona mikoba kibanda cha pili, ili anisaidie kuikaza. Akaniambia: "Kama hutaki, mwambie msichana aweke jina yangu. Mimi sina shida na nzi." Owiti tayari ana wajukuu watatu wenye jina lake. Nilikasirika mpaka nikaharibu kandambili ya mteja.

Pia Jumapili iliyopita Wacuka alinionyesha chupa kwa ile lenzi yake. Akaigonga kidogo, nzi wote wakaruka juu, isipokuwa mmoja aliyebaki ameng'ang'ania uji wake. Nilimtazama kwa muda mrefu. Huyo ni wetu. Sina mwingine, Profesa, na pengine sitapata mwingine, na nitasema ukweli kwamba nilifurahi.

Kwa hiyo futa madai yote. Jina libaki hapo lilipo, na Owiti akikuandikia usimjibu. Jiwe nimelitia ndani ya bahasha hii, likiwa kwenye kopo lake. Mpe Wacuka, na umwambie asilitupe akimaliza.

Kopo nalitaka lirudi.