Rangi za Shingo ya Nicole

Jumatatu, 5 Juni 2023
Mama Odette amefika kwenye meza yangu, soko la Mikelenge. Jumamosi wanapokea mahari ya Nicole, binti ya kaka yake. Anataka shanga za kumvalisha. Huyu njo shangazi ya Claudine pia, na bila yeye hakuna kijana anayeingia nyumba ile kuposa. Claudine wangu! (Shangazi hajaambiwa.)
Adèle wa meza ya jirani akadakia: lulu nyeupe peke yake. Nyeupe! Hata mbuzi anaweza kuchagua nyeupe. Nikasema mimi nitaleta kitu cha kushangaza. Mama Odette akasema sawa, ila nisimwaibishe.

Jumanne, 6 Juni
Mama yangu alitunga shanga wakati wa vita. Treni haiji, ndege haiji, rangi njo moja tu, nyekundu. Hakuna aliyekosea. Siku hizi rangi ni nyingi, zinataka kichwa. Mimi ninacho.
Nimeenda kwa Okito, fundi cherehani. Amerundika mablauzi ya kitenge kipya, kijani na machungwa. Nikamwuliza kama ni ya arusi ya Nicole. Akasema ndiyo. Nikaokota kipande chini, nikakitia mfukoni, nikatoka mbio. Muntu wa akili haulizi mara mbili.

Alhamisi, 8 Juni
Kijani na machungwa zikikaa pamoja zinagombana. Nimeweka lulu katikati, zimetulia. Ee Mungu, uzuri gani! Nimelia kidogo.
Adèle akachungulia. Eti kitenge hicho ni cha upande gani, wa bibi arusi ao wa bwana? Nikafunika kazi yangu kwa gazeti. Wivu huo!

Jumamosi, 10 Juni
Aibu. Aibu!
Nicole ametoka chumbani na shanga zangu shingoni. Watu wa kwao wote wamevaa bluu. Ng'ambo ya uwanja, watu wa bwana arusi wamevaa kijani na machungwa! Wakapiga vigelegele. Msemaji wao akasimama, akasema aksanti sana, mwanamke wetu ameshakuja mwenyewe, basi mbuzi waliobaki tuwarudishe nyumbani.
Kwetu binti havai rangi za kwa mume mpaka mahari yote ipokelewe. Hata mutoto mudogo anajua. Mimi pia ninajua, ila nani aliniambia kitenge ni cha upande ule?
Mashangazi wakasema hakuna arusi hapa. Nicole akalia. Mama Odette akavuta shanga, uzi ukakatika, lulu zangu zikaenda chini ya viti. Wamebishana mpaka jioni ndipo mahari ikatimia. Nicole amemaliza siku na lulu nyeupe za Adèle. Mimi nimetozwa mbuzi wa kufuta aibu, na nimeambiwa mbele ya watu nisikanyage tena pale.

Jumanne, 13 Juni
Nimepeleka mbuzi mpaka kwenye lango la uwanja wao. Mama Odette amepokea mbuzi, salamu hakupokea. Ila Claudine amenifuata njiani! Anasema ananipenda vilevile, ninyamaze tu, nisifanye chochote, shangazi atapoa kabla ya Noeli. Moyo wangu uliruka! Lakini ninyamaze? Mimi?
Nimefikiri sana kosa lilikuwa wapi. Ni ile rangi ya machungwa, inapiga kelele. Basi nimemtungia Claudine zambarau na lulu, rangi tulivu kabisa, zilezile za kitenge cha ukoo wangu. Nyumbani kwao nimekatazwa, kwa hiyo Jumapili nitamkabidhi Mama Odette mlangoni mwa kanisa, mbele ya watu wote, amvalishe Claudine kwa mkono wake.