Mapipa Matano na Mkwe Wangu

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Idara ya Taka,

Salamu na heshima nyingi kwako, kwa mwenzi wako, na kwa watoto kama umejaliwa. Mimi ni mkunga mstaafu. Nimekuja huku ugenini kumwangalia binti yangu aliyejifungua. Barua hii ataitafsiri yeye, nimemwonya asiilainishe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jikoni mna mapipa matano. Nimezalisha wanawake miaka na miaka, lakini hakuna mtoto aliyenitoa jasho kama kifuko cha chai. Majani huku, karatasi kule, uzi kwingine, na kile kichuma kidogo, mheshimiwa, nacho kina pipa lake. Chai inapoa mimi bado napasua.

2. Kikopo cha mtindi eti kioshwe kabla ya kutupwa. Nikakiosha. Kilipong'aa nikaona ni dhambi kukitupa, nikakiweka kabatini. Sasa kabati limejaa vikopo, na vikombe vya binti yangu vimehamia chini ya kitanda changu.

3. Hili ndilo linaloniuma. Juzi nilitupa mifupa ya kuku kwenye pipa la karatasi, kwa kuwa nilikuwa nimeifunga kwa karatasi. Mkwe wangu, kijana mwenye adabu asiyethubutu hata kunitazama usoni, akarudi kutoka kazini, akafunua pipa. Alivaa glavu, akapiga magoti, akaanza kuokota mfupa mmoja mmoja mbele yangu, mimi mama mkwe wake! Nilitamani ardhi ipasuke. "Acha, baba, nitatoa mwenyewe," nikamwambia. "Hapana, mama, wewe pumzika," akajibu, paja la kuku mkononi. Tangu hapo tukikutana koridoni kila mtu anageukia ukuta wake.

4. Kwa kuogopa aibu nyingine, nikaacha kutupa. Maganda ya ndizi nayakausha chini ya godoro. Ya mayai nayasaga, nakunywa na uji. Mengine nimeyapanga kwenye sanduku langu nirudi nayo kwetu, ambako taka ni taka, haiulizwi kabila. Binti yangu alipofungua lile sanduku alikaa sakafuni akalia. Nikamuuliza, "Na mimi nikifia humu, nitaingia pipa gani?" Akafuta machozi. "Mama, vitu vikubwa haviingii pipani. Tutapiga simu waje wakubebe na gari, kama kochi." Tulicheka mpaka mtoto akaamka. Lakini swali langu, mheshimiwa, liko palepale.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu: ama nyumba hii iruhusiwe pipa moja, ama utuletee afisa akae nasi jikoni, ale nasi, na kila tunachobakiza akipokee yeye kwa mikono yake.

Wasalimie wote ofisini, na wale vijana wa gari la taka wanaotukatalia mifuko yetu kwa tabasamu.

Wako mtiifu,
Mama Mkwe wa ghorofa ya tatu

Nyongeza: Nikifunga bahasha nimemwona kwa dirisha jirani wa chini akitia chupa ya kijani kwenye pipa la nje la chupa nyeupe. Nimeshuka na kandambili, nikamkamata mkono. Futa ombi la pipa moja. Watu kama hawa waongezewe hata la sita. Njoo upesi. Nimemkalisha hapa jikoni, kiti kizuri nimempa, ila kukiri hataki.